Mtoto anayehesabu hadi mia, mwambie akupe vitatu

Mahafali ya chekechea hayakosi kipengele hiki. Watoto wanapangwa mstari mbele ya wazazi, mwalimu ananyanyua mkono, na sauti nyembamba zinaanza: moja, mbili, tatu, hadi kumi, hadi hamsini, na kwa shule inayotaka kujionesha, hadi mia. Simu zinarekodi, vigelegele vinapigwa. Aliyefika mwisho bila kukwama anapachikwa jina la kipanga, na mzazi wake anarudi nyumbani akiamini kwamba upande wa hesabu hana tena wasiwasi.

Mkifika nyumbani, mpe mtoto huyohuyo kazi nyingine. Mwaga visoda kumi na tano hivi juu ya mkeka, kisha mwambie, "Mwanangu, nipe vitatu." Mtoto wa miaka mitatu au mitatu na nusu, mara nyingi, atachota konzi nzima na kukumiminia kiganjani. Muulize kama ni vitatu. Atakuambia ndiyo, bila kusita. Mwambie avihesabu. Atagusa kimoja kimoja, vizuri kabisa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. "Haya, kwa hiyo viko vingapi?" Hapo ataanza kuhesabu upya, moja, mbili, tatu, kana kwamba ndilo ulilomuuliza.

Mtoto huyo hana tatizo lolote. Anajua mfuatano wa maneno, kama anavyojua mistari ya wimbo wa siku ya kuzaliwa. Asichokijua bado ni kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo linalotaja wingi wa vitu vyote alivyovigusa. Hilo ndilo jambo kubwa katika hesabu za utotoni, na ndilo ambalo mahafali hayalioneshi.

Aliyelieneza jaribio hili la "nipe" miongoni mwa watafiti ni Karen Wynn wa Marekani, kwa kazi alizochapisha mwaka 1990 na 1992. Aligundua kwamba namba haziingii kichwani zote kwa mkupuo. Mtoto mdogo huanza kwa kuielewa moja peke yake: ukimwomba kimoja anakupa kimoja, ukimwomba viwili au vitano anachota tu. Inapita miezi kadhaa ndipo anaielewa mbili. Inapita mingine, anaielewa tatu. Akishafika tatu au nne, mambo yanabadilika: anatambua kwamba kuhesabu kwenyewe ndiko kunakotoa jibu, na tangu siku hiyo ukimwomba vinane anahesabu vinane na kuishia hapo. Safari hiyo, kutoka moja hadi utambuzi huo, inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Mzazi anayesikia mwanawe akiimba hadi mia hawezi kujua yuko wapi katika safari hiyo mpaka amwombe kitu.

Kabla ya Wynn, mwaka 1978, Rochel Gelman na C. R. Gallistel walikuwa wameshayataja mambo ambayo mtu hana budi kuyashika ndipo tuseme amehesabu. Kila kitu kipate neno lake moja tu, kisirukwe wala kisihesabiwe mara mbili. Maneno yafuatane vilevile kila siku. La mwisho litaje jumla. Na haijalishi umeanzia kulia au kushoto, wala kama unahesabu mbuzi, vikombe au hatua za miguu. Sisi watu wazima tumeyazoea mno hata hatuyaoni tena. Mtoto anayajenga moja baada ya jingine, na vifaa vyake vya ujenzi ni vitu anavyovishika mkononi na mtu wa kuzungumza naye.

Naliandika hili kwa uzito kwa sababu tunajua linakoishia. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa hapa Tanzania, Hisabati inatajwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha watahiniwa wengi, na kwa miaka mingi wanaofeli somo hilo wamekuwa wengi kuliko wanaofaulu. Mjadala unaofuata ni uleule: walimu hawatoshi, vitabu vichache, lugha ya kufundishia. Yote yana ukweli wake. Serikali nayo ilishaona kwamba udhaifu unaanzia chini; ndiyo maana mwaka 2015 ulianza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, ili muda mwingi uende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa ameshaishi miaka sita hivi. K ya tatu ilianza siku nyingi, nyumbani, au haikuanza kabisa.

Uzito wa miaka hiyo umepimwa. Mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za tafiti sita zilizowafuatilia watoto kwa miaka mingi katika nchi za Marekani, Uingereza na Kanada. Walitaka kujua, kati ya mambo ambayo mtoto anakuja nayo siku ya kuanza shule, lipi linatabiri vizuri zaidi atakavyofanya huko mbele: usomaji, utulivu, tabia njema, au hesabu. Hesabu ndiyo iliyoongoza. Usomaji ulifuata, na uwezo wa kutulia na kuzingatia ukawa nyuma ya hayo mawili. Na hizo hesabu zilizopimwa ni hizi ndogo ninazozizungumzia: kujua vitu viko vingapi, kipi kikubwa kuliko kingine, kipi kinafuata.

Sasa mtoto anazipata wapi? Susan Levine na wenzake mjini Chicago walizitembelea familia 44, wakarekodi mazungumzo ya mzazi na mtoto tangu mtoto akiwa na miezi 14 hadi miezi 30, jumla ya saa saba na nusu kwa kila nyumba. Katika utafiti huo, waliouchapisha mwaka 2010, mzazi mmoja alitamka maneno ya namba mara 4 tu. Mwingine alitamka mara 257. Watoto walipokaribia miaka minne wakapewa mtihani wa wingi wa vitu, na wale waliozisikia namba kwa wingi ndio waliofanya vizuri zaidi. Uchambuzi uliofuata ukaonesha kwamba kilichosaidia hasa ni kuhesabu au kutaja idadi ya vitu ambavyo mtoto anaviona mbele yake wakati huo. Namba zinazotajwa hewani tu hazikuwa na nguvu hiyo.

Mara 4 na mara 257 katika saa zilezile. Mara 257 si nyingi kama zinavyosikika. Ni kama mara 34 kwa saa, na mtu anayepika huku akiongea na mtoto anaweza kuzifikisha bila kusoma kitabu chochote cha malezi. "Nipe kitunguu kimoja. Ongeza kingine. Sasa tunavyo viwili." "Leo tunakula watu watano, sahani ziko nne, zimepungua ngapi?" Hakuna cha kununua hapo.

Ila kuna jambo ambalo tafiti za Chicago haziligusi na sisi hatuna budi kuligusa. Katika nyumba nyingi za mjini, mtu anayekaa na mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni si mama wala baba. Ni dada wa kazi, au bibi aliyeletwa kutoka kijijini kuja kulea. Dada huyo tunamwelekeza uji uive vipi na nguo zianikwe wapi. Ni nadra kumwambia azungumze na mtoto. Mwambie. Mweleze kwamba wakichambua mchele pamoja, wakianua nguo kambani, mtoto atafute soksi zinazofanana na azihesabu jozi. Bibi naye asiachwe hivihivi mbele ya televisheni. Wengi wao wamekulia kwenye kupima kwa kibaba na pishi, na wanajua bila kuandika popote kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Mpe bibi kikombe, mpe mjukuu beseni la mchele, uwaache waone beseni linajazwa na vikombe vingapi.

Mimi nikiambiwa nichague kifaa kimoja cha kufundishia hesabu nyumbani, nitachagua trei ya mayai. Ina mashimo 30, na yamepangwa kwa mistari. Ikija imejaa, mtoto wa miaka mitatu anatosha kuambiwa atoe mayai mawili, kwa mikono miwili, taratibu. Wa miaka minne anaweza kuulizwa: jana tulipika manne, mashimo matupu ni mangapi? Atayagusa kwa kidole, na kidole kinaingia vizuri ndani ya shimo, hivyo si rahisi kuruka moja au kulirudia. Huo ndio utaratibu wa kila kitu neno lake moja, na trei inaufundisha yenyewe. Wa miaka sita mwoneshe mistari: hapa kuna mistari mitano, kila mmoja una mayai sita. Kisha igeuze trei robo mzunguko mbele yake. Sasa mistari ni sita, kila mmoja una mayai matano, na hakuna yai lililoongezeka wala lililopungua. Mwache aigeuze mwenyewe mara kadhaa. Atakapokutana na tano mara sita na sita mara tano darasani, hatakuwa na la kukariri, maana ameshaliona. Wiki ikiendelea, trei inapungua, na kila asubuhi kuna swali jipya la kuuliza. Trei ikiisha, usiitupe; weka visoda.

Hapo hapo niseme: kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, visoda, kokoto, maharage na kete ni vitu vya kuangaliwa na mtu mzima muda wote, kwa sababu vinaingia mdomoni na vinaweza kumkaba. Kwake tumia viazi, vijiko au viatu.

Maji ya kuoga nayo yanafaa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alipata umaarufu kwa kuwamiminia watoto maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba na ndefu mbele ya macho yao, kisha kuwauliza kama maji ni yaleyale. Watoto wa miaka minne na mitano humwambia yameongezeka, kwa sababu yamepanda juu. Usibishane na mtoto wako juu ya hilo. Mpe chupa tupu ya maji ya nusu lita na nyingine ya lita moja na nusu, akae kwenye karai lake, ajaze ndogo na kumimina kwenye kubwa. Baada ya siku chache atakuja kukuambia mwenyewe kwamba ndogo tatu zinaijaza kubwa.

Tukitoka nje ya nyumba tunakutana na genge, na hapo kuna utafiti ambao kila mwalimu wa shule ya msingi angepaswa kuujua. Mwaka 1985, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha habari za watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani na sokoni mjini Recife, Brazili. Watafiti walikwenda kama wateja wa kawaida. Mmoja wa watoto hao, wa miaka 12, alikuwa akiuza nazi moja kwa cruzeiro 35. Akaulizwa nazi nne ni bei gani. Alianza na 105, ambayo ni nazi tatu, akaongeza 30, akapata 135, akamalizia ile tano iliyobaki, akasema 140. Sahihi kabisa. Baadaye akapewa karatasi yenye 35 mara 4. Akafuata utaratibu wa shule: nne mara tano ishirini, weka mbili, akaijumlisha ile mbili na tatu kabla ya kuzidisha, akaandika 200. Mtoto yuleyule na hesabu ileile. Kwa ujumla wao, watoto hao walipata zaidi ya asilimia 98 ya maswali ya biashara, na asilimia 37 tu ya hesabu tupu za karatasini.

Kwetu watoto wa namna hiyo wamejaa. Anayekuuzia karanga kituo cha daladala anakurudishia chenji ya noti ya elfu tano kabla hujamaliza kuhesabu wewe. Kilichokosekana Recife, na kinachokosekana hapa, ni mtu wa kumwambia mtoto kwamba hesabu ya gengeni na ya daftarini ni kitu kimoja. Mzazi anaweza kuwa mtu huyo. Nyanya fungu moja mia tano. Sisi tunataka mafungu matatu. Hii hapa elfu mbili. Mtoto wa miaka sita au saba aachwe aseme chenji ni ngapi kabla muuzaji hajafungua kipochi, kisha mkirudi nyumbani mwandikieni kwenye karatasi hicho alichokisema kwa mdomo, ili aone kinafanana vipi.

Lipa namba, kwa manufaa yake yote, imemnyima mtoto jambo hili. Mama anabonyeza simu, ujumbe unaingia, nyanya zinawekwa kwenye mfuko, na mtoto aliyesimama pembeni hajaona pesa ikitoka wala ikirudi. Siwezi kumwambia mtu aache kulipa kwa simu. Naomba tu kwamba mara moja kwa wiki mtu atoke na sarafu na noti mfukoni, na mtoto ndiye azishike.

Michezo tunayo, na baadhi yake inapotea mbele ya macho yetu. Chukua mdako. Kishimo ardhini, kokoto ndani yake. Mchezaji anarusha jiwe au ndimu juu, na kabla haijashuka anachota kokoto na kuzitoa nje. Anarusha tena, anazirudisha shimoni na kubakiza moja. Zikiisha kwa mojamoja, anahamia mbilimbili, kisha tatutatu. Kokoto zikiwa 12, mbilimbili zinakwisha sawasawa, tatutatu nazo zinakwisha, nnenne pia. Ukifika tanotano, zinabaki mbili. Wasichana waliocheza mdako walikutana na kugawanya na baki kabla hawajalisikia neno baki darasani, na jicho lao lilijua kuona kokoto tatu kwa mkupuo bila kuzihesabu, maana jiwe halimsubiri mtu.

Bao ni hivyohivyo. Bao kamili la Kiswahili, lenye nyumba na namua yake, tuwaachie wakubwa. Bao la kujifunza halina ugumu huo: kila shimo linapewa kete mbili, mashimo 32, kete 64. Mtoto wa miaka minne hata sheria hazimhusu. Mwache achote kete za shimo moja na kuzisambaza, moja kwa kila shimo linalofuata, mpaka ziishe mkononi. Akizoea, muulize kabla hajaanza: unadhani ya mwisho itaangukia wapi? Swali hilo moja lina kujumlisha kote kwa darasa la kwanza.

Asiye na bao achukue kipande cha boksi na kalamu. Robert Siegler na Geetha Ramani, nchini Marekani, waliwachezesha watoto wa familia za kipato cha chini mchezo wa miraba 10 iliyopangwa mstari mmoja, imeandikwa 1 hadi 10, ambapo kila zamu mtoto anasogea hatua moja au mbili. Ilikuwa vipindi vinne vya takriban robo saa, ndani ya wiki mbili. Watoto hao waliimarika kulinganisha namba na kuzitambua, na walipopimwa tena wiki tisa baadaye, faida ilikuwa bado ipo. Waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakuipata. Nyumbani, sarafu ya shilingi 200 inatosha kuamua hatua: upande wa Karume moja, upande wa simba mbili. Zingatia kitu kimoja tu. Mtoto aliye kwenye 3 akipata mbili, asiseme "moja, mbili" anaposogea; aseme "nne, tano." Hapo ndipo faida ilipo, na ndipo wazazi wengi wanapoukosea mchezo huu.

Maumbo nayo ni hesabu. Khanga ikikunjwa katikati na kukunjwa tena, mtoto ameona nusu na robo. Akikaa nyuma ya msusi anayeigawa twende kilioni kwa mistari iliyolingana, anaona kugawa eneo sawasawa. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji hadi kifo chake mwaka 2014, aliandika vitabu vingi kuonesha jiometri iliyomo katika ususi wa vikapu na mikeka ya Afrika. Bibi anayesuka mkeka anahesabu miyaa. Mkalishe mjukuu karibu yake.

Kitu kimoja wazazi wakiache: kuwalazimisha walimu wa chekechea watoe kazi ya kuandika 1 hadi 50 daftarini kwa mtoto wa miaka minne, kwa sababu tu ada imelipwa na tunataka kuona daftari limejaa. Kuandika kutakuja. Na mtoto anayehesabia vidole asizuiwe wala kuchekwa.

Lililobaki ni hofu. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walionesha kwamba mzazi anayeogopa hesabu, akimsaidia mwanawe kazi za shule mara kwa mara, mtoto hujifunza kidogo kuliko wenzake na huanza kuogopa yeye pia. Kwa hiyo ile kauli ya "hesabu ni ngumu, hata mimi nilizifeli," tunayoitoa kwa nia ya kumfariji mtoto, isemwe mbali na masikio yake. Anayeogopa daftari aache daftari, acheze bao na mwanawe.

Na fimbo iwekwe mbali kabisa na hesabu. Mtoto akikuambia tano ongeza tatu ni saba, muulize amefikaje. Mara nyingi utakuta ameanza kuhesabu kutoka tano yenyewe: tano, sita, saba. Alijua anaelekea wapi, alikosea pa kuanzia tu, na visoda vinane vinamrekebisha ndani ya dakika mbili. Akichapwa, hatajifunza pa kuanzia. Atajifunza kukaa kimya akiulizwa. Wazazi, walezi, na nyinyi walimu wa tuisheni mnaokuja majumbani jioni: tafadhali, mtoto asipigwe kwa sababu ya hesabu.